Wadudu wadogo wanaozonga macho katika msitu wa Budongo: tuwatambueje?

Mwalimu wa Masindi anauliza:

Ndugu zangu, ninafundisha shule ya sekondari mjini Masindi na ninasimamia chama cha wanafunzi wapenda mazingira. Muhula huu tumekuwa tukiingia katika msitu wa Budongo pamoja na mwongozaji, mara nyingi kwa kufuata ile njia pana yenye mikangazi mirefu ambayo watazamaji wa ndege huiita Royal Mile. Kila tunaposimama kumsikiliza mwongozaji, hasa jua likishapanda na mashati yakiwa yamelowa jasho, tunavamiwa na wadudu weusi wenye urefu wa milimita mbili au tatu, ambao huelea mbele ya macho, huingia masikioni na kutambaa katika nywele. Ukipunga mkono hutawanyika, kisha hurejea kabla hujaushusha. Tukitembea wanapungua, tukisimama wanajaa tena.

Jioni yake, wanafunzi kadhaa huwa na vipele vinavyowasha sana vifundoni na kwenye mashavu ya miguu. Baadhi ya vipele vina nukta ya damu katikati, ilhali hakuna anayekumbuka kuumwa. Ndiyo maana ninauliza kama waliotuzonga usoni ndio hao hao waliotuuma miguuni.

Mzazi mmoja amenijia akiwa na hofu. Alikulia kandokando ya msitu na anawafahamu wazee waliopofuka, naye anaamini kwamba hawa ndio wale inzi waitwao mbwa ambao hueneza upofu wa mtoni. Mwongozaji wetu, kwa upande wake, anashikilia kwamba si inzi kabisa bali ni nyuki. Mafuta ya kufukuza mbu niliyouziwa katika duka la dawa hayakupunguza chochote usoni, ingawa sikuyajaribu miguuni. Shule haina maabara ya maana, lakini tuna lenzi za mkono zinazokuza mara kumi. Naomba mwenye ujuzi anieleze namna ya kuwatenganisha wadudu hawa kwa kutumia vifaa hivyo, na kama safari zetu zina hatari yoyote kwa watoto.

Kiongozi wa Njia, Kanungu:

Salamu Mwalimu. Mimi huwaongoza wageni upande wa Bwindi, na kwa sehemu kubwa ninamuunga mkono mwenzangu wa Budongo. Mdudu anayetua juu ya ngozi, akatulia, akalamba jasho, kisha akatambaa polepole kuelekea kwenye pembe ya jicho au ndani ya nywele, kwa kawaida ni nyuki mdogo asiyedunga. Uganda ina aina kadhaa za nyuki hawa, na walio wadogo kabisa, wa kundi la Hypotrigona, wana urefu huo huo uliouandika, kwa hiyo mtu asiyewazoea huwaita inzi bila kusita.

Usimtegemee mtu anayekwambia uhesabu mabawa tu. Nyuki ana mabawa manne, ni kweli, lakini yale mawili ya nyuma ni madogo na yamenasa kwenye ya mbele kwa kulabu ndogo sana, hivyo kwa lenzi yenu yataonekana kama mawili. Tazama vipapasio kwanza. Vya nyuki ni virefu na vimepinda katikati mithili ya kiwiko, ilhali vya inzi wengi wa macho ni vifupi mno na vimebeba unywele mmoja tu. Halafu tazama miguu ya nyuma: ya nyuki ni mipana, na mara nyingi utakuta ametoka kazini akiwa na donge la chavua au la utomvu lililogandamana pale.

Mkiwa na subira, tafuteni kiota. Kwenye shina la mti, katika ufa au tundu, hutokeza bomba dogo la nta lenye upana usiozidi wa mrija wa kalamu, na nyuki hao hupita humo mmoja mmoja. Wakati mwingine bomba hilo hutokeza kwenye ukuta wa nyumba. Batwa, wenyeji wa asili wa misitu ya huku kwetu, wanavifahamu viota hivyo tangu zama za mababu zao, na asali yake huhifadhiwa katika vijungu vya nta, si katika masega, nayo ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Mimi binafsi naiona bora kuliko ile ya nyuki wakubwa, ijapokuwa wateja wa mjini hulalamika kwamba imechacha.

Jambo moja kwa wanafunzi: wasiwaponde. Harufu ya aliyepondwa huwachochea wenzake, na wanaokuja baadaye huwa wengi kuliko wa kwanza.

Mstaafu wa Udhibiti wa Wadudu, Fort Portal:

Mwalimu, Kiongozi amelieleza vizuri suala la nyuki, nami sitalirudia. Ila ninapingana naye mahali pamoja: si kila kinachozonga macho Budongo ni nyuki. Wamo pia inzi wa kweli, na mara nyingi makundi yote mawili huja kwa pamoja, kwa kuwa yanatafuta kitu kimoja, yaani chumvi. Chakula cha msituni kina chumvi haba, na ndiyo sababu mnaona vipepeo wakirundikana njiani mahali mnyama alipokojoa. Jasho na machozi yenu ni neema kwao.

Sasa nije kwenye vipele vya miguuni, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Maelezo yako ya nukta ya damu, muwasho uliochelewa na mtu kutokumbuka kuumwa yanaelekeza kwa inzi weusi wa mtoni, wa jenasi ya Simulium. Inzi huyu hachomi kwa sindano kama mbu. Hukata ngozi, kisha hunywa damu inayojaa katika kidonda hicho kidogo, na mate yake huizuia damu isigande, ndiyo maana nukta hubaki. Anauma mchana tu, nje ya nyumba, na hupendelea sehemu za chini za mguu. Jike peke yake ndiye anayetafuta damu. Ukimkamata, utaona mwili mnene, mabawa mapana yasiyo na madoa, vipapasio vifupi na vinene vyenye pingili nyingi, na kifua kilichoinuka hata akaonekana kama mchukuzi aliyeinama chini ya gunia. Huyo hana muda wa macho yako. Wanaokuchezea usoni wanakushughulisha, naye yuko chini anakula.

Upande wa magharibi mwa Uganda, mhusika mkuu amekuwa Simulium neavei, ambaye ni mdudu wa msitu wenye kivuli na mito midogo inayokwenda kasi. Wataalamu wa zamani walipekua mawe na majani ya mitoni wakitafuta mabuu yake, wasiyapate, huku inzi wazima wakiendelea kuwauma watu kando ya mito hiyo hiyo. Fumbo hilo lilifumbuliwa nchini Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1950: mabuu hukaa juu ya miili ya kaa wa maji baridi, hubebwa nao, na hukua humo humo mpaka yawe inzi. Tangu wakati huo, anayetaka kujua kama mto una inzi huyu huwatega kaa kwa vikapu vyenye chambo, huwageuza mmoja mmoja na kukagua gamba na maungio ya miguu, kisha huwarudisha majini. Ni kazi ya kuchosha, na kaa wana hasira, lakini haina mbadala.

Huko Nile ya Victoria, kuanzia Jinja kwenda chini, alikuwapo ndugu yake, Simulium damnosum, ambaye mabuu yake hushikamana na mawe na majani katika maporomoko. Yeye ndiye aliyefahamika zaidi kwa jina la mbwa. Mto ulitiwa dawa ya DDT katika miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1973 inzi huyo alikuwa ametoweka katika sehemu hiyo ya mto. Kwa hiyo mtu wa Mabira, msitu ulio karibu na Jinja, akikwambia kwamba mbwa wapo kila mahali kama zamani, msikilize kwa heshima, lakini mwombe akuonyeshe mmoja.

Kuhusu hofu ya mzazi, hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Budongo, Bwindi, Itwara na maeneo mengine ya ukanda huo yamo katika orodha ya maeneo ya Uganda yaliyokuwa na upofu wa mtoni. Hata hivyo, ugonjwa huu hauji kwa kuumwa mara moja. Inzi lazima kwanza amuume mtu mwenye vijiminyoo katika ngozi, vijiminyoo hivyo vikue ndani ya inzi kwa siku kadhaa, ndipo avipeleke kwa mtu mwingine; na madhara ya macho hutokana na kuambukizwa tena na tena kwa miaka mingi. Waliopofuka walikuwa wakulima, wavuvi na wakata mbao walioishi kando ya mito hiyo maisha yao yote. Mwaka 2007 Uganda iliacha lengo la kuupunguza ugonjwa tu na kuanza safari ya kuutokomeza, kwa kugawa dawa ya minyoo iitwayo ivermektini mara mbili kwa mwaka na kwa kutia dawa ya kuua mabuu katika mito iliyochaguliwa. Katika maeneo kadhaa uambukizaji umekatika na ugawaji wa dawa umesimamishwa.

Ulizeni kituo cha afya cha karibu kama kijiji mnachopitia bado kinapewa dawa. Mkikuta ugawaji unaendelea, dozi hupimwa kwa kijiti cha kimo, wala si kwa umri, na mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi, wala mama mjamzito. Dawa hiyo huua vijiminyoo vichanga. Minyoo wakubwa huishi mwilini zaidi ya miaka kumi, na ndiyo maana watu hutakiwa kuinywa kwa miaka mingi mfululizo.

Nakato wa Mpigi:

Naomba kuongeza jambo ambalo Mzee wa Fort Portal hakuligusa. Huku kwetu karibu na msitu wa Mpanga, wanaotutesa si wa mchana bali ni visubi vya wakati wa magharibi, jua linapozama, vidogo kiasi kwamba hupenya katika matundu ya chandarua cha kawaida. Vinauma kwelikweli, na vinaacha uvimbe mwekundu usio na nukta ya damu. Ukivitazama kwa lenzi, mabawa yake yana madoadoa ya kijivu. Navyo havihitaji mto unaokwenda kasi. Aina nyingine huzaliana katika migomba iliyokatwa na kuachwa ikioza, na katika matope na samadi. Kwa hiyo, Mwalimu, kama vipele vya wanafunzi vilitokea baada ya kukaa shambani mkisubiri gari jioni, usiwalaumu inzi wa msituni kabla ya kuangalia migomba ya jirani. Visubi hivi pia hueneza minyoo ya aina nyingine iitwayo Mansonella perstans, ambayo imejaa katika vijiji vya Mukono na Mpigi na kwa kawaida haimletei mtu dalili kubwa.

Mwalimu wa Masindi:

Nawashukuru nyote, Mzee hasa. Tumerudi msituni tukiwa na lenzi, na wanafunzi walifanya kazi kwa utulivu kuliko nilivyotarajia.

Wale waliotua mikononi walikuwa nyuki, bila shaka yoyote. Tulimwacha mmoja alambe jasho kwenye kifundo cha mkono wa msichana mmoja, na kupitia lenzi tuliuona ulimi wake ukitoka na kurudi, na kwenye mguu wa nyuma palikuwa na donge la rangi ya kahawia linalong'aa, ambalo mwongozaji alisema ni utomvu. Vipapasio vimepinda kama Kiongozi alivyoandika.

Lakini kulikuwa na wengine ambao hawakutua hata mara moja. Walielea umbali wa kiganja kutoka usoni, wakipanda na kushuka, kisha wakirukia jicho ghafla na kuondoka. Tuliwakamata wawili kwa wavu wa kitambaa cha pazia. Mmoja ni mweusi, anang'aa, miguu yake ina rangi ya manjano. Mwingine ana macho mekundu na mwili wa kahawia. Wote wana vipapasio vifupi vyenye unywele, na nyuma ya mabawa kuna vijirungu viwili vyeupe ambavyo sikuvielewa. Je, hawa nao wanaambukiza kitu? Mvulana mmoja alirudi na jicho jekundu.

Miguuni hatukuumwa safari hii, kwa kuwa kila mtu alichomeka suruali ndani ya soksi na kupaka mafuta ya kufukuza wadudu juu ya viatu.

Mwanafunzi wa Wadudu, Makerere:

Mwalimu, hivyo vijirungu viwili ndivyo vinavyomaliza ubishi. Inzi wote wa kweli, pamoja na mbu na visubi, wana mabawa mawili tu, na mahali pa mabawa ya nyuma pamebaki viungo hivyo vya kuwasaidia kujisawazisha wanaporuka. Mdudu mwenye vijirungu hawezi kuwa nyuki, hata awe na rangi gani. Mngeanza na kipimo hicho mngeokoa muda, ingawa kwa mdudu wa milimita mbili huhitaji mkono usiotetemeka na mwanga mzuri wa kutoka upande.

Huyo mweusi mwenye miguu ya manjano, kwa maelezo yako, ni wa familia ya Chloropidae, ambao ndio inzi wa macho wanaojulikana katika nchi nyingi za joto. Mdomo wake ni wa kufyonza majimaji, si wa kutoboa ngozi. Mwenye macho mekundu anafanana na familia ya Drosophilidae, yaani jamaa za wale inzi wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Wengi wao hawajali macho ya mtu, lakini wapo wenye tabia hiyo. Huko Ulaya kuna jenasi iitwayo Phortica ambayo madume yake hunywa machozi na kueneza mnyoo wa macho kwa mbwa, na mara chache kwa binadamu. Kutaja familia ni hatua inayowezekana kwa lenzi ya mkono. Kutaja spishi kunahitaji hadubini na mtu aliyebobea katika kundi hilo, na mimi husitasita sana ninapoona picha ya simu imepewa jina la spishi ndani ya dakika moja.

Kuhusu maambukizi, inzi anayetembelea jicho moja baada ya jingine anaweza kuhamisha vimelea kwa miguu na mdomo wake. Mfano unaofahamika zaidi Afrika ni Musca sorbens, ambaye hushiriki kueneza trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, katika maeneo kama Karamoja. Huyo, hata hivyo, ni mkubwa kuliko hao wenu, karibu sawa na inzi wa nyumbani, naye huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Ni mdudu wa vijiji visivyo na vyoo, si wa katikati ya msitu. Jicho la mvulana yaelekea limewashwa na mdudu aliyeingia au na vidole vya mvulana mwenyewe. Lisafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, asilisugue, na likiendelea kuwa jekundu au likitoa usaha, apelekwe kliniki.

Mafuta yenye DEET, yaani kemikali ya kufukuza wadudu, yanawafaa dhidi ya inzi weusi na visubi, kwa hiyo mmefanya vyema kuyatumia miguuni. Usoni hayasaidii sana, maana hayawezi kupakwa palepale wadudu wanapokwenda, yaani kwenye jicho. Miwani ya kawaida hupunguza kero kwa kiasi cha kuridhisha, na kofia yenye chandarua chembamba huimaliza, ingawa wanafunzi watachekana. Muhimu zaidi ni kwamba mwongozaji achague sehemu ya kusimama yenye upepo kidogo, mbali na kingo za mto.

Kama mnataka wadudu hao watambuliwe ipasavyo, msiwabane kati ya kurasa za daftari. Watieni katika vichupa vidogo vyenye spiriti ya asilimia 70 au 80 inayouzwa katika maduka ya dawa. Waragi haifai, kwa kuwa ina takriban asilimia 40 tu na mdudu ataoza humo. Nyuki wasichanganywe na inzi katika kichupa kimoja. Kabla ya kukusanya chochote, ombeni ruhusa ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, kwa sababu Budongo ni hifadhi ya msitu iliyo chini yake. Mkienda Bwindi au Kibale, ambazo ni hifadhi za taifa, ruhusa hutoka kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Vielelezo vinaweza kuletwa kwenye idara ya zuolojia hapa Makerere, au kupelekwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, ambacho kina mkusanyo wa wadudu wa miaka mingi. Wale mtakaowashuku kuwa inzi weusi ni vizuri kuwapeleka kwa kitengo cha kudhibiti wadudu waenezao magonjwa cha Wizara ya Afya.

Ndani ya kila kichupa wekeni kipande cha karatasi chenye jina la mahali, tarehe, saa, jina la mkusanyaji, na maelezo ya mdudu alichokuwa akifanya: alikuwa akielea machoni, akilamba jasho, au akiuma kifundoni. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo watu husahau, nayo hayawezi kupatikana kwenye maiti ya mdudu. Andikeni kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti.